Mimba ya Miwani

Nyumba ya kupanga haina siri, na ile ya Bellevue, Johannesburg, ndiyo usiseme. Ilikuwa nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba vinane vyenye choo kimoja, na ukipiga chafya chumba cha mbele, aliye jikoni anakwambia pole. Kwa hiyo Mwanaasha alipokuwa amepiga magoti kwenye choo hicho asubuhi moja ya baridi ya Julai, ameshika ukingo kwa mikono miwili na matumbo yanataka kumtoka, hakushangaa kusikia mlango unagongwa.

"Shoga, kulikoni?" Alikuwa Zabibu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Dar es Salaam anayeuza vitenge Fordsburg. "Juzi nimekusikia, jana nimekusikia, na leo tena?"

Mwanaasha alisukutua, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akafungua mlango.

"Ni ile miwani."

"Miwani?"

"Ya mchezo. Ile aliyonunua Othmani. Ukiivaa kichwa kinazunguka, tumbo linakuja juu."

Zabibu alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, kisha akamrudisha juu tena, na alipofika usoni alikuwa anatabasamu.

"Haya, miwani," alisema taratibu. "Mimi sijauliza kitu, shoga. Nimesema pole tu."

Sasa, kwa watu wa pwani, mimba changa haikiriwi. Mwenye nayo atakwambia ni malaria, ni maharage ya jana, ni upepo, ni lolote lile, kwa kuogopa kijicho cha watu. Anayekana ndiye anayo. Na Mwanaasha, mwanamke wa Tanga aliyekaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, alikuwa amekana kwa kisingizio cha ajabu kuliko vyote vilivyowahi kusikika Bellevue.

Lakini ilikuwa miwani kweli.

Othmani alikuwa amekuja nayo kwenye mfuko wa plastiki, dubwana jeusi lenye mikanda, kubwa kama bakuli la uji. Mbele lina mlango, unachomeka simu. Wataalamu wana jina lao refu la mchezo wa namna hiyo. Fordsburg wakauita miwani, basi.

"Biashara ya makava imekufa, Mwana," alimwambia mkewe siku hiyo. Alikuwa na kibanda cha makava ya simu kwenye soko la ndani la Fordsburg. "Eish, kila mtu anauza makava. Tangu Idi ipite siuzi kitu. Lakini hii nimeona kwenye duka kubwa, vijana wanapanga foleni. Mtu analipa, anavaa, anacheza dakika tano, anaondoka anacheka."

"Na pesa ya kununulia umepata wapi?"

Othmani alikuna shingo. "Nimechukua zile za cherehani yako. Nitazirudisha."

Mwanaasha alikuwa akishona mabuibui ya watu kwa miaka, na zile pesa alikuwa akiziweka kwa ajili ya daktari wa wanawake. Alifungua mdomo aseme, Othmani akamuwahi.

"Na wewe utakuwa humo humo kwenye biashara. Wanawake wa pale hawatakubali mimi niwashike vichwa na mitandio yao. Tutaweka pazia, nyuma yake kiti, wewe ndiye utakayewavisha. Nani mwingine ana hiyo? Hakuna. Lakini lazima uijue kwanza mwenyewe."

Akamvisha. Mwanaasha akajikuta amekaa kwenye treni iliyo wazi juu ya mlima. Treni ikapanda pole pole, ikafika kileleni, ikadondoka. Alipiga ukelele, akatupa mikono, akaangusha chupa ya mafuta ya kula, na alipovuliwa miwani chumba kiliendelea kudondoka. Macho yalikuwa yamesafiri, mwili umebaki kwenye kigoda, na tumbo halikujua limfuate nani.

"Utazoea," Othmani alisema.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa, inauzwa, na pesa yangu unaniwekea hapa." Alimwonyesha kiganja.

Kwa kuwa simu na miwani vilikwenda kazini na Othmani, mazoezi yakawa baada ya swala ya alfajiri, tumbo tupu. Na matapishi nayo yakawa ya asubuhi.

Jumamosi ya kwanza nyuma ya pazia ilikuwa ya aibu. Mama mmoja mwenye mkoba wa ngozi na pete kila kidole alikaa kwenye kiti, akacheka treni ilipopanda, akanyamaza iliposhuka, kisha akaivua miwani kwa nguvu na kutapika biriani yote aliyokula. Nyingine iliangukia viatu vyake. Mwanaasha alichuchumaa, akavifuta kwa mtandio wake mwenyewe kwa kuwa kitambaa hakikuwepo.

"Huoni haya," mama yule alimwambia kwa Kiingereza, kutoka juu, "kuwauzia watu ugonjwa?"

Othmani alimrudishia pesa huku akiangalia upande wa pili, mithili ya mtu asiyemjua huyo anayefuta viatu. Watu walisimama kutazama. Hilo lilimuuma Mwanaasha kuliko maneno ya yule mama.

"Kazi gani hii?" alisema walipokuwa wakipanda teksi kurudi nyumbani. "Mtu analipa ili aumwe?"

"Mwana, nakuomba. Usinitupe katikati."

Alimwomba kwa sauti ambayo Mwanaasha hakuizoea, sauti ya mtu aliyebanwa na kitu. Alimhurumia. Kesho yake akajifundisha upya, kwa ukaidi wa watu wa Tanga. Aliacha treni, akaanza na mchezo wa samaki, ambao unakaa tu wakakupita. Alifungulia feni usoni ingawa kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Alitafuna tangawizi. Kigegezi kikianza tu anavua, hangoji. Na wateja akawafanyia hivyo hivyo: aliyetoka kula anaambiwa azunguke sokoni kwanza, aliyekuja kwa mara ya kwanza anapelekwa kwa samaki. Wanawake wakaanza kuulizana ni wapi kwenye lile pazia.

Nyumbani Bellevue, habari nyingine ilikuwa inakua peke yake.

Angélique, msusi wa Bukavu aliyekaa chumba cha nyuma, alimsimamisha kwenye ukumbi na kumtia kitu mkononi, kimefungwa kwenye gazeti.

"Dada, shika. Ni udongo ya kwetu, ile muzuri. Mi nilikulaka hii kwa mimba ya Elisée."

"Angélique, mimi sina mimba."

"Ndiyo, ndiyo, hauna." Alimkonyeza. "Ukule tu pole pole. Mi sitaambia mutu."

Zabibu naye alileta achari ya embe. "Si kwa sababu yoyote," alisema. "Mapenzi na kikohozi havifichiki, shoga, mengine ndiyo kabisa." Hata foleni ya choo ilibadilika. Wakimwona anatoka chumbani wanampisha.

Jioni moja Othmani alirudi mapema na mfuko wa machungwa madogo yale ya kumenya kwa vidole. Aliuweka kitandani, akasimama.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Basi tu. Nimesikia."

"Othmani, ni miwani yako hiyo. Sina mimba."

"Sawa, mke wangu. Ni miwani." Akacheka, macho yamejaa machozi. Kisha akachukua ndoo akaenda kumchotea maji ya kuoga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waje Johannesburg.

Mwanaasha alibaki na chungwa mkononi. Na hapo, nani atamlaumu, na yeye akaanza kutumaini. Siku zake hazikuwa na mpangilio tangu usichana, zikitaka zinakuja, zikitaka zinakaa. Huenda watu wameona asichokiona mwenyewe. Huenda Mungu ameamua kuja kupitia mlango huu wa kipuuzi. Alikwenda duka la dawa, akanunua kipimo, akajifungia chooni. Mstari ukatokea mmoja. Akakitazama dirishani, akakitazama chini ya taa, akangoja kana kwamba mstari wa pili ni mtu aliyecheleweshwa na foleni. Haukuja. Alilia kimya kimya, kwa kuwa mbao zile zilikuwa zinasikia.

Usiku wa siku ile alimwambia mumewe. "Nimepima. Hakuna kitu."

"Vipimo vya dukani vinadanganya, na bado mapema." Othmani alimwekea kidole mdomoni. "Usiseme maneno hayo tena, Mwana. Utakufuru."

Ukisema kweli mara tatu usisikilizwe, ulimi unachoka.

Siku chache baadaye simu ililia akiwa kwenye cherehani. Alikuwa Shufaa, dada yake Othmani, kutoka Tanga.

"Hongera, wifi yangu!"

"Ya nini, wifi?"

"Ya miwani!" Shufaa alicheka mpaka akapaliwa. "Kaka katwambia. Ati ukiulizwa unasema miwani! Wallahi wewe una vituko. Haya, mtoto tutamwita nani, Bi Miwani?"

"Wifi, hebu nisikilize kwanza."

"Sisemi kwa mtu, usiwe na wasiwasi. Mama tangu jana analia kwa furaha. Na wale wa Muheza tumewaambia wakae kwanza, tusije tukakutia presha bure na hali yako hiyo."

Mwanaasha aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Wa Muheza wepi?"

Kwa mbali alisikia jogoo akiwika huko Tanga, na mtu akivunja nazi.

"Wifi?"

"Kumbe..." Sauti ya Shufaa ilishuka. "Si kaka alisema mmezungumza? Alisema umeridhia."

"Nimeridhia nini, Shufaa?" Hata wifi hakumwita tena.

"Yule binti. Posa. Si mahari yake ilishafika tangu baada ya Idi? Tulikuwa tunangoja mwezi uandame tu, aje aoe. Yallah, mdomo wangu huu! Wifi, usimwambie kaka kama nimekwambia mimi. Wifi?"

Mwanaasha alikata simu. Alipigwa na mshtuko mpaka masikio yakawa yanavuma, na chumba kile alichokizoea, kitanda, jiko, sanduku la nguo, kilionekana chumba cha watu wengine. Alijiambia si kweli. Kisha akajiambia ni kweli. Baada ya Idi. Makava yalikufa baada ya Idi.

Makava hayakuwa yamekufa. Makava yalikuwa mazima na afya zao, yamekwenda Muheza kuwa mahari. Kibanda kikabaki kitupu, na shimo alilolichimba Othmani kwa ajili ya mke wa pili, aliyepewa kazi ya kulifukia ni mke wa kwanza, kwa pesa za cherehani yake, kwa kutapika kila alfajiri, na kwa kufuta viatu vya watu kwa mtandio wa kichwa chake. Na yeye akamhurumia. Hilo ndilo lililomchoma: alimhurumia!

Hata hivyo, Othmani aliporudi, hakumwambia. Alimpakulia ugali, akamwangalia anavyokula. Maneno ya Shufaa yalikuwa yanarudi: tumewaambia wakae kwanza. Kwa hiyo mimba isiyokuwepo ndiyo iliyomzuia yule binti huko Muheza. Ikiendelea kutokuwepo kimya kimya, binti ataendelea kukaa. Kutapika nako kulikuwa kumekwisha, ameshaizoea miwani, na majirani walikuwa wameshalipokea na hilo vizuri: "Kichefuchefu kimemwacha, miezi inasogea." Hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa asiseme tu. Mwezi, miezi miwili, kisha siku moja aseme imetoka. Angélique atamletea uji, Zabibu atamlilia, Othmani atalia kweli. Na nani apeleke harusi kwenye nyumba ya msiba?

Aliiona njia yote mpaka mwisho wake, akajiogopa.

"Miwani basi," Othmani alisema huku akinawa. "Bakiri anaichukua Jumamosi. Tumeshaelewana bei."

"Inauzwa? Juzi hapa wanawake walipanga foleni mpaka kwa muuza viatu."

"Na hali yako hiyo? Hapana, Mwana. Hakuna faida inayozidi mtoto. Wewe utakaa nyumbani."

"Nimeizoea, Othmani. Naweza kukaa kwenye ile treni nikala andazi."

"Nimeshasema."

Mwanaasha alikusanya vyombo. Alikuwa ameanza kuipenda kazi ile, si kwa ajili ya mchezo, ambao bado aliuona upuuzi, bali kwa ajili ya wanawake wenyewe. Nyuma ya pazia wanavua mitandio, wanapiga kelele, wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanajitengeneza na kutoka watu wazima. Na mkoba wa pesa ulikuwa unaning'inia kiunoni mwake yeye. Sasa ama abaki na miwani, ama abaki na mimba. Vyote viwili havikai pamoja.

Alfajiri ya Jumamosi siku zake zikaja. Alijisitiri, akavaa, akafuatana na mumewe Fordsburg bila kusema neno. Alikuwa bado hajakata shauri.

Soko lilijaa. Foleni ya wanawake ilikuwa imeshaanza, na Othmani alikuwa anaitangazia kwamba leo ni leo tu, kesho hakuna. Bakiri, muuza simu mnene mwenye kofia ya kufuma, alikuja alasiri. Akaigeuzageuza miwani, akavuta mikanda, akachungulia ndani.

"Mbona mnaiuza na watu wamejaa hivi?" aliuliza.

"Sababu zipo za kheri," Othmani alisema kwa sauti ya kusikika, akamtupia mkewe jicho la fahari. "Mama hawezi tena shughuli hizi."

"Ooo! Mashallah!"

Wanawake kwenye foleni wakamgeukia Mwanaasha wakitabasamu. Mmoja akamshika bega. Hapo hapo adhana ya alasiri ikaanza, na sokoni kukawa na ile pilikapilika ya kufunika bidhaa. Zabibu alitokea na viatu vyake vya kutawadhia.

"Twende juu, mama kijacho," alisema, akamshika mkono. "Tuwahi maji kabla hayajaisha."

Chumba cha kuswalia wanawake kilikuwa ghorofani. Ngazi zilikuwa pale pale, hatua chache. Angepanda, angetawadha, angesimama bega kwa bega na Zabibu na kuweka paji la uso kwenye mkeka, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua. Mwanaasha alipiga hatua moja, akasimama. Kumnyamazia Othmani aliweza. Kumnyamazia Shufaa, Angélique, Bellevue nzima, aliweza pia. Lakini kusimama kwenye safu katika hali ile, ili tu uongo usianguke! Mwili ulimsisimka wote.

"Nendeni," alisema. "Mimi leo siswali."

Ni neno dogo. Mwanamke humnong'oneza mwenzake, na kila aliyevunja ungo anajua maana yake. Mwanaasha hakunong'ona. Alilisema kwa sauti ile ile ya kuitia wateja, mbele ya foleni, mbele ya muuza viatu, mbele ya Bakiri mwenye kofia.

Zabibu aliachia mkono wake kama umemuunguza, akajifunika mdomo. Bakiri aliinamia viatu vyake mwenyewe, akaviangalia kwa bidii. Kutapika, achari, vipimo vya uongo, udongo wa Bukavu, vyote vilianguka kwa maneno matatu, na hakuna aliyeweza kusema kwamba huyu anaficha. Hakuna mwanamke anayeficha mimba kwa neno lile.

Othmani alikuwa mweupe kama unga.

"Mwanaasha," alisema kwa shida. "Mbele za watu?"

"Faraghani nilikwambia. Ukasema nitakufuru." Alimsogelea, sasa akapunguza sauti, iwe ya wawili tu. "Wapigie Muheza. Waambie wasikae tena."

Alimtazama usoni akingoja. Alikuwa tayari kusikia ni uzushi. Alikuwa tayari kusikia nisamehe. Hata tutazungumza nyumbani, angeipokea. Miaka tisa ilisimama pale kwenye mdomo wa yule mwanamume ikingoja neno.

"Nani kakwambia?" Othmani aliuliza.

Mwanaasha alihisi tumbo likidondoka, na safari hii hakuwa amevaa miwani. Alishika meza ya makava mpaka hali ile ikapita.

"Mimi nitarudi siku nyingine," Bakiri alisema, akaiweka miwani chini polepole.

"Usirudi kwa ajili ya hii, kaka Bakiri. Haiuzwi. Imenunuliwa kwa pesa zangu."

Aliiokota, akafuta vioo vyake kwa ncha ya mtandio, akainua pazia. Wengi walikuwa wameshapanda juu kuswali. Amebaki msichana mmoja wa Kikongo, mwanafunzi wa chuo huko Braamfontein mwenye begi mgongoni, ambaye hakuelewa lililotokea na alikuwa anaogopa kuuliza.

"Ingia, mdogo wangu. Umeshawahi kuvaa?"

"Ndiyo, tantine. Nataka ile ya treni."

"Kaa hapa. Roho ikikuchafuka useme papo hapo, usijikaze."

Nje ya pazia Othmani aliita jina lake, kisha akaliita tena. Mwanaasha alikaza mkanda nyuma ya kichwa cha yule msichana, akabonyeza treni ianze.